Mwalimu wa Kwaya Alipima Kabla Yangu

Mkuu wa chuo, walimu, mafundi wenzangu mlioacha vibanda vyenu mkaja, wanafunzi, na nyinyi wanakwaya mliojipanga safu ya nyuma kana kwamba mtaitwa kuimba: habari za asubuhi. Wazee, shikamooni.

Ratiba inasema nitazungumzia matengenezo ya mota. Ni kweli, ila mota yenyewe imo ndani ya kinanda, na kinanda kimo kanisani, kwa hiyo itabidi tupite kote huko. Niwaombe radhi mapema pia: kisa nilichokuja nacho si cha ushindi wangu. Aliyegundua ubovu hakuwa mimi, wala hakuwa fundi.

Miaka kadhaa iliyopita nilipigiwa simu kutoka usharika mmoja huko juu mlimani. Marafiki zao wa Marekani walikuwa wamewaletea kinanda cha Hammond, kile kikubwa aina ya C-3, ndani ya kontena pamoja na vitanda vya zahanati na katoni za vitabu. Anayekijua kinanda hicho anajua si mzigo wa mtu na mdogo wake. Wanaume sita walikishusha kwenye lori, na wa saba, kama kawaida yetu, akawa anatoa maelekezo. Kikawekwa mahali pake, kikaunganishwa kwenye transfoma ya kushusha umeme iliyonunuliwa mjini, kikalia, kina mama wakapiga vigelegele. Lakini kwa karibu mwaka mzima kilikuwa kinapigwa nyimbo mbili tatu kisha kinazimwa, maana ibada ikirefuka, harufu ilianza kutoka nyuma yake. Harufu ile mnaijua: vanishi ya waya ikianza kulainika. "Fundi," mzee wa kanisa akaniambia kwenye simu, "mota inataka kuungua."

Nikapanda Alhamisi. Walinipokea watatu: mzee wa kanisa mwenye ufunguo, kijana mpiga kinanda, na mwalimu wa kwaya, mama mtu mzima, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, wa wale wanaokutazama kwanza kucha kabla hawajakujibu salamu. Nikafungua ubao wa nyuma, nikawaomba wawashe, tukakiacha kizunguke nusu saa huku tunakunywa chai. Tuliporudi niliweka kiganja juu ya mota. Moja, mbili, tatu, nikautoa mkono.

Nisimame hapo kidogo kwa ajili ya wanafunzi. Mota kuwa na joto si ugonjwa. Mota za vinanda hivi, hata zikiwa nzima kabisa, ukizishika baada ya saa moja utasikia joto la kikombe cha chai. Kiganja cha mtu wa kawaida kinavumilia mpaka nyuzi 55 au 60 hivi za Selsiasi. Zaidi ya hapo mkono unajitoa wenyewe kabla hujaamua. Kwa hiyo ukishika na ukaweza kutulia, usianze kuwatisha wenye mali. Isiposhikika, na harufu ipo, hapo kuna jambo. Kama una kipimajoto cha kulenga, tumia, lakini siyo kile cha kupima paji la uso kilichobaki tangu wakati wa Corona. Kile kimetengenezwa kwa homa ya binadamu. Ukikielekeza kwenye mota kitakuandikia tu kwamba ni juu, jambo ambalo kiganja kimeshakuambia.

Basi nikiwa nimeinama pale, mwalimu wa kwaya akasema, "Fundi, ukiacha hiyo mota, kinanda hiki kiko chini. Tangu kije tunaimba kama tuna mafua."

Nikamjibu kwa adabu, "Mama, hilo la sauti tutaliangalia baadaye. Kwanza mota isiungue."

Jibu lile nimelibeba mpaka leo. Ili mwone lilivyokuwa jibu la hovyo, lazima niwaeleze kinanda chenyewe kinatoaje sauti.

Laurens Hammond, aliyekibuni, hakuwa mwanamuziki. Alikuwa mhandisi wa Chicago, na biashara yake ilikuwa saa. Mwaka 1928 alianzisha kampuni ya kutengeneza saa za umeme za ukutani, na saa hizo hazikuwa na kipima muda ndani. Zilikuwa na mota ndogo tu inayokwenda kwa hatua moja na umeme wa gridi. Umeme wa Marekani huenda na kurudi mara 60 kwa sekunde, yaani hezi 60, na kampuni za umeme huilinda namba hiyo kwa uangalifu. Mota ikishaingia kwenye hatua hiyo haitoki: haikimbii, haichelewi. Mota ya namna hiyo inaitwa ya sinkronasi. Kwa hiyo saa za Hammond zilikuwa zinaangalia wakati kwenye kituo cha kuzalisha umeme. Biashara ya saa iliposhuka wakati wa mdororo wa uchumi alijaribu mengine, hata meza ya umeme ya kuchanganya na kugawa karata, mwaka 1932. Kisha akafikiri: kama mota hii inaweza kushika wakati, haiwezi kushika sauti? Hataza ya kinanda akaipata 1934, na 1935 kikaingia sokoni.

Ndani ya kinanda kama kile cha mlimani kuna shafti ndefu, na kwenye gia zake kuna magurudumu madogo ya chuma 91 yanayotoa sauti, kila moja na kipenyo cha kama sentimita 5, ukingo wake una mawimbi kama mfuniko wa chupa ya soda. Mbele ya kila gurudumu kuna kifimbo cha sumaku kilichozungushiwa koili, yaani waya mwembamba wa mizunguko mingi. Wimbi la chuma likipita karibu na sumaku, umeme kidogo unazaliwa kwenye koili. Yakipita mawimbi 440 kwa sekunde, unapata noti A ya kati, ile ambayo karibu dunia nzima inatumia kulinganishia vyombo. Hakuna waya wa kukaza wala filimbi ya kuziba. Sauti ni spidi tu.

Sasa hesabu, na hii muiandike. Kwa umeme wa hezi 60 mota inazunguka mara 1200 kwa dakika, ambayo ni mara 20 kwa sekunde. Gia ya noti A ni meno 88 kwa 64. Zidisha: unapata mizunguko 27.5 kwa sekunde. Gurudumu la A ya kati lina mawimbi 16. Zidisha tena: 440 kamili, bila hata desimali. Mimi hesabu hiyo huwa inanifurahisha kila ninapoifanya, na nimeifanya mara nyingi.

Tukirudi mlimani, nilikuwa nimeshaamua ubovu ni nini kabla ya kufanya hesabu yoyote. Niliona mafuta. Vinanda hivi hulainishwa kwa njia ya kizamani na nzuri sana: juu kuna vikombe vya kumiminia, na kutoka kwenye vikombe zinatoka nyuzi za pamba, nyingi, kila moja inakwenda kwenye beringi yake. Mafuta hutambaa kwenye uzi kama mafuta ya taa kwenye utambi. Unatia mara moja kwa mwaka, mafuta mepesi ya madini, basi. Hiki kilikuwa kimetiwa oili ya injini. Mzee mmoja mwenye moyo mwema aliona kikombe kimekauka, akaenda kwenye pikipiki. Oili ile nzito ilikuwa imekaa kwenye nyuzi kama uji uliolala, beringi nyuma yake zikiwa kavu.

Nikasema, nimekupata. Beringi kavu, shafti nzito, mota inavuta kwa shida, joto. Nikachomoa umeme kabisa, nikafungua madirisha, nikaanza kuzisafisha nyuzi kwa kiyeyusho chepesi nilichochanganya na mafuta yenyewe, tone kwa tone, huku nikiizungusha shafti kwa mkono. Kazi hiyo haina haraka: mafuta mapya yanaweza kuchukua siku nyingi kufika mwisho wa uzi. Nililala pale usiku mbili. Mwanzo nilipozima swichi, magurudumu yalisimama upesi kama mtu aliyejikwaa; siku ya tatu yalikuwa yanaendelea kujizungusha yenyewe kwa muda yakipungua taratibu, sauti ile ya kunong'ona inayopendeza. Mtihani huo ni rahisi na hauhitaji kifaa. Jifunzeni kuusikiliza.

Nikawasha. Nusu saa. Kiganja. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nikautoa.

Kutoka tatu mpaka tano. Siku tatu za kazi.

Hapo mawazo ya fundi yanaanza kwenda pabaya. Nikaanza kuitazama mota yenyewe. Nikapima koili kwa mita. Waya haukukatika, wala hakuna kilichogusa bodi. Nikasema labda kuna mizunguko michache imegusana ndani, mita ya kawaida haionyeshi vizuri. Nikawa tayari kuing'oa niipeleke mjini ikasukwe upya. Wasukaji mlioko hapa, mnajua mngenifanyia kazi nzuri: mngehesabu mizunguko ileile, waya uleule, vanishi mpya. Mngenirudishia mota nzima. Ningeirudisha mahali pake, na ingepata moto uleule, na hela ya usharika ingekuwa imekwenda.

Kilichoniokoa ni kwamba mwalimu wa kwaya alikuja jioni ile kwa mazoezi. Alikuwa na kifilimbi chake cha kutolea kii, yaani sauti ya kuanzia wimbo, kile cha mviringo. Hakuniambia kitu. Alipuliza A. Kisha akambonyezesha kijana A kwenye kinanda. Wacha niseme hivi: hata mimi, ambaye nyumbani nimekatazwa kuimba, niliona aibu. Mama akampa kijana kifilimbi, yeye akaishikilia A ya kinanda, akamwambia, "Shuka. Nusu sauti. Nyingine. Nyingine." Wakati kifilimbi kinalia F kali, ndipo vikakutana na A ya kinanda, karibu kabisa.

"Nusu sauti tatu," akasema. "Huyu kijana wimbo wa G anaupigia B bapa ili tusife. Tangu kije."

Nikakaa kwenye benchi.

Fikirini pamoja nami, kwa sababu ndicho kiini cha nilichokuja kusema. Mota ya sinkronasi haipungui spidi kwa kuzidiwa. Hiyo ndiyo tabia yake. Ukiitwisha mzigo mzito kiasi inachoweza, itaendelea na spidi ileile, ikizidisha tu kuvuta umeme. Ukiitwisha zaidi ya uwezo, itapotea hatua, itanguruma, itasimama. Haina katikati. Haijui kutembea polepole. Kwa hiyo beringi kavu, oili ya pikipiki, gia nzito, vyote hivyo vinaweza kuipa mota joto, vinaweza hata kuisimamisha, lakini haviwezi kushusha kinanda nusu sauti tatu kikabaki pale kwa mwaka mzima bila kuyumba. Kitu kimoja tu kinaweza kufanya hivyo: umeme wenyewe kwenda kwa mdundo mwingine. Umeme wetu ni hezi 50. Chukua zile mara 1200, zinakuwa 1000. Chukua ile 440, inakuwa 366 na ushei. F kali, chini yake kidogo. Mama yule alikuwa amepima hezi za gridi kwa kifilimbi, na majibu alinipa siku ya kwanza, kabla sijafungua boksi la vifaa.

Na nyuma ya kinanda, kwenye kibao kile cha chuma ambacho nilikifuta vumbi kwa mikono yangu, imeandikwa: volti 117, mizunguko 60. Nilisoma volti. Sote tunasoma volti.

Transfoma ile ilikuwa nzima, na aliyeinunua si mjinga. Duka zetu zimejaa transfoma za kushusha 230 kwenda 110, na kwa vitu vingi vya Marekani zinatosha. Lakini transfoma haigusi hezi. Ukiwatazama kina mama wawili wanatwanga kwenye kinu kimoja, ukabadilisha michi ukawapa myepesi, umepunguza uzito wa pigo. Mdundo ni uleule. Ndivyo transfoma inavyofanya. Nilipima siku ile kwa mita yenye kitufe cha hezi, nayo siku hizi si ghali: kwenye soketi, volti 241, hezi 49.9. Upande wa pili wa transfoma, volti 120, hezi 49.9.

Joto sasa linatoka wapi? Chuma cha mota kimepimwa kubeba sumaku ya kiasi fulani. Kiasi hicho hakifuati volti peke yake. Kinafuata volti ukizigawa kwa hezi. Mota ile ilisanifiwa kwa 117 gawa kwa 60, ambayo ni kama 1.95. Sisi tulikuwa tunailisha 120 gawa kwa 50, ambayo ni 2.4. Zaidi ya moja ya tano juu ya kipimo. Chuma kikishashiba sumaku, koili inavuta umeme mwingi usiofanya kazi yoyote, kazi yake ni kupasha joto tu. Huku mlimani, usiku watu wakishazima taa na pasi, volti hupanda; nimewahi kuona 250. Kwa hiyo ibada ya mkesha ndiyo iliyokuwa inanuka kuliko zote, na kijana alikuwa ameshaniambia hilo pia, nikadhani ni kwa sababu mkesha ni mrefu.

Mnaweza kujiuliza kama ingetosha kushusha volti tu. Kwa mota peke yake, ndiyo: ukiipa volti kama 97 kwa hezi 50, ile hesabu inarudi 1.95 na mota itapoa. Nimewahi kufanya hivyo kwa mtu aliyetaka kinanda kiendelee kufanya kazi wakati anatafuta pesa. Ila kinabaki kimeshuka, na lazima uitenge mota na waya za sehemu ya vikuza sauti, maana valvu za mle ndani, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, zinataka volti zao kamili. Ukizipa 97 zinakuwa kama taa ya kibatari. Na mkifungua huko, tafadhali: hata umeme ukichomolewa, kapasita za kikuza sauti zinaweza kubaki na mamia ya volti. Zitoeni umeme kwanza kwa rezista, siyo kwa bisibisi mkicheka.

Njia ya kweli ni kuipa mota mdundo wake. Na hapa tuna bahati ambayo wazee wetu wa ufundi hawakuwa nayo: sola. Inveta nyingi za sola, yaani vifaa vya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, zina kijiswichi, au ukurasa kwenye menyu, kilichoandikwa 50/60, ambacho hakuna mtu anayekigusa. Usharika ulikuwa na betri mbili za taa za dharura na inveta kubwa kuliko haja yake. Kinanda kama kile, umeme kinaotumia ni mdogo kuliko pasi. Nilijaribu kwanza kwa inveta ndogo niliyokuwa nayo kwenye gari, ya bei rahisi, ile inayotoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini. Sauti ilipanda mahali pake, ndiyo, lakini mota ikaanza kulia kama nyuki kwenye kopo, na joto likarudi kwa mlango mwingine: mota haipendi umeme wenye kona. Tukahamia kwenye inveta yao yenye wimbi laini, nikaiweka 60, ikatoa volti 230 kwa hezi 60, nikapitisha kwenye transfoma yao ileile, na mita ikaniandikia 115 na 60.0. Mwalimu wa kwaya akapuliza A. Kijana akabonyeza A. Mama hakusema kitu. Alirudisha kifilimbi kwenye mkoba, akaufunga.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia. Zamani umeme ukikatika na jenereta likiwashwa, kinanda kilikuwa kinayumba pamoja nalo. Nimewahi kuwa kwenye harusi, si pale, kinanda cha namna hii kiko kwenye jenereta, na kila jikoni walipowasha friji ya soda, wimbo wa maharusi ulizama kisha ukaibuka, kama mtu aliyekanyaga shimo. Watu walidhani ni mbwembwe za mpigaji. Kwa inveta hiyo yenye betri, gridi ifanye itakavyo.

Niseme kwa haraka kuhusu mota ya pili, maana wengi hawajui kuwa ziko mbili. Mota ya sinkronasi ya vinanda hivi vya zamani haiwezi kujianzisha. Kuna mota ya kuanzishia, yenye swichi yake. Unashikilia swichi ya kwanza kama sekunde 8, shafti inapata kasi kuliko inavyohitajika, unawasha ya pili huku bado umeshikilia ya kwanza, kama sekunde 4 hivi, mota kubwa inaikamata shafti na kuirudisha kwenye hatua, ndipo unaachia. Mota ya kuanzishia imetengenezwa kwa kazi ya sekunde hizo tu. Ikipata umeme, rota yake, ile sehemu inayozunguka, husogea ubavuni na gia yake ndogo ikashika. Ukiachia, springi huirudisha. Ikinasa humo kwa uchafu, au swichi yake isiporudi kwa sababu ya kutu, inabaki na umeme ibada nzima, na hiyo itatoa moshi kweli kabla ya mahubiri kuisha. Kwa hiyo mtu akikuambia "mota inaungua", swali la kwanza ni ipi. Tazama, usiulize tu. Wenyewe huwa hawajui kuwa ziko mbili.

Pia kwenye ncha ya mota kubwa kuna kifaa cha kuitetemesha sauti, kinazunguka nayo muda wote. Beringi zake zikikauka kinakuwa mzigo na kelele. Kitie mafuta kwa ukarimu mdogo; kikizidishiwa, mafuta yanaingia kwenye sahani zake za ndani na utakuwa umejitengenezea kazi mpya. Modeli za baadaye, kama zile za T za mwishoni mwa miaka ya 1960, zina mota inayojianzisha yenyewe, na katika mota zinazojianzisha kwa kapasita, kapasita iliyochoka ni kati ya vitu vya kuangaliwa mapema. Hapo mko nyumbani. Ni jambo mnalolijua kwenye feni na pampu.

Niliulizwa jana na mwanafunzi mmoja, kama ningeanza upya ningeanza wapi. Ningeanza kwa kusoma kibao chote, siyo volti tu. Ningepima hezi kwenye waya unaoingia mahali pale pale mota inapolishwa, siyo ukutani. Kisha ningekaa, nimwombe anayekitumia kila siku anieleze kila linalomkera, hata lile analodhani si la umeme, na ningeliandika kwa maneno yake. Oili ya injini ningeitoa vilevile, maana ilikuwa kosa la kweli na ilikuwa inaongeza joto. Zile hesabu mbili za kiganja, kutoka tatu mpaka tano, zilikuwa zake. Lakini ningejua tangu asubuhi kwamba haikuwa peke yake.

Jumapili nilibaki kusikiliza. Ibada ya kwanza, wimbo wa kufungulia, mwalimu wa kwaya akainua mkono, kijana akapiga. Mnakumbuka kwamba kijana alikuwa amezoea mwaka mzima kuupigia wimbo wa G kwenye B bapa. Vidole vyake havikuwa na habari za inveta. Sauti ya kwanza walipanda mpaka mahali ambapo sijawahi kusikia binadamu akifika, sauti ya nne wakanyamaza kabisa, na mchungaji akainua macho kutoka kwenye kitabu akamtafuta fundi kwa macho kati ya waumini. Mama hakusimamisha. Aliwamalizisha ubeti mmoja kule kule juu, kisha akamgeukia kijana, akamwonyesha vidole vitatu, na kuvishusha chini.

Baada ya ibada nilizunguka nyuma ya kinanda, nikaweka kiganja kwenye mota. Nilihesabu mpaka sitini, nikautoa kwa sababu kengele ya ibada ya pili ilikuwa inalia.